Jicho la Kazi

Siku bandeji ilipotolewa, fundi wa hereni alirudi nyumbani akaanza kugombana na ukuta.

"Nani kapaka rangi humu ndani?"

"Hakuna aliyepaka," mumewe akajibu, huku akimvutia kiti.

"Ukuta huu ulikuwa wa krimu. Juzi tu nimeuacha wa krimu."

"Mweupe, mke wangu. Tangu tuhamie hapa ni mweupe."

Hakuamini. Akausogelea mpaka pua ikakaribia kugusa plasta. Akafumba jicho la kulia, lile lililofanyiwa upasuaji, akautazama kwa la kushoto, ambalo mtoto wa jicho alikuwa bado amelikalia. Ukuta ukawa wa krimu, mpole, kana kwamba jua la alasiri limelala juu yake. Akabadilisha: akafumba la kushoto, akafumbua la kulia. Ukuta ukawa mweupe pe, una nyufa, una alama za vidole karibu na swichi, tena vidole vyake mwenyewe. Akarudia tena na tena, akihama kutoka nyumba moja kwenda nyingine bila kunyanyua mguu, akasahau kiti, akasahau na chai iliyokuwa inampoea mezani.

"Utalichosha kabla hujalitumia," mumewe akamtania.

Majirani walimwita mume huyo Zimamoto, kwa sababu ya mtungi wa gesi aliouweka begani kila alipokwenda kuujaza, na kwa sababu katika kazi yao ya nyumbani yeye ndiye aliyeshika moto. Lilikuwa jina la utani tu, maana hakuna moto aliowahi kuuzima. Kazi yake ilikuwa kuuwasha. Mkewe walimwita Fundi, basi. Yeye ndiye aliyekata shaba, akaiosha, akainyunyizia unga wa kioo, na yeye ndiye aliyesema moto umetosha. Watu husema macho hayana pazia. Ya Fundi yalikuwa nalo, pazia la rangi ya chai, na lilishuka polepole mno hata mwenyewe hakujua kwamba limeshuka.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Siku zile za mwanzo alizunguka ndani kama mtoto aliyefunguliwa duka. Ndoo ya kuogea ilikuwa ya buluu, naye aliiogea miaka yote akidhani ni ya kijani. Akalitoa kabatini gauni aliloliamini kuwa la kahawia, akaliona ni la zambarau, akaketi kitandani akiwa amelipakata, akijiuliza ni watu wangapi waliokutana naye barabarani akiwa amelivaa na viatu vya rangi ya machungwa. Kisha akamgeukia mumewe.

"Kumbe una mvi mpaka kwenye nyusi!"

"Umezipanda mwenyewe."

"Na hilo shati la mikono mirefu na joto lote hili?"

"Mbu."

"Mbu mchana?"

"Mbu wa siku hizi hawana ratiba."

Akacheka, akamwacha, akaenda dirishani kutazama nguo za majirani zikipepea kwenye kamba. Hakuwahi kujua kwamba nyeupe ziko za namna nyingi hivyo.

Chumba cha nyuma ndicho kilichokuwa karakana. Kulikuwa na meza iliyovikwa bati, mtungi wa gesi chini yake wenye bomba la moto la kushika mkononi, na rafu ya makopo yenye unga wa kioo wa kila rangi. Kazi yenyewe haina siri. Unakata duara la shaba nyekundu kwa mkasi wa bati, unaligonga kidogo kwa nyundo lipate tumbo, unalisugua kwa siki na chumvi mpaka maji yatandae juu yake yote. Hapo huligusi tena usoni. Kidole kina mafuta, na penye mafuta kioo hakishiki. Unapaka gundi nyepesi, unachekecha unga kwa kichujio cha chai, unaacha ukauke. Kisha unaliweka juu ya wavu wa chuma, na mwenye moto anaupitisha chini yake. Unga unalowa kama sukari, unafanya vinundu kama ganda la chungwa, halafu ghafla unalainika na kung'aa. Hapo Fundi husema, "Toa," na Zimamoto huondoa moto.

Hakuwahi kuuondoa bila neno hilo. "Mimi dereva tu," aliwaambia wageni, "mwenye gari ni huyu."

Shaba ikitoka motoni rangi zote huwa zimekufa. Nyekundu ni nyeusi, buluu ni nyeusi, na kitu kizima kinawaka kwa ndani kama jicho la paka. Kisha kinapoa, na rangi zinarudi taratibu, kwanza pembeni, halafu zinatambaa kwenda katikati. Kwenye hatua hii wote wawili hunyamaza. Hata walipokuwa wamenuniana kwa jambo la chumvi au la ndugu, hapo walinyamaza kwa namna nyingine, vichwa karibu karibu, wakingoja. Ukiwaona ungedhani wanaswali.

Siku ya kwanza kurudi kazini, Fundi aliinama juu ya wavu na jicho lake jipya, akauona unga unalowa, akauona unavimba, na mara kioo kikatanda na kung'aa mbele yake waziwazi.

"Toa!"

Zimamoto akashtuka. "Mapema hivi?"

"Si inang'aa? Huoni?"

Aliona. Alikuwa akiona miaka yote kwamba inang'aa hapo, na kwamba mkewe husema "bado" kwa muda mrefu baada ya hapo. Lakini gari si lake. Akaondoa moto.

Hereni zikatoka laini, buluu iliyokamilika kutoka ukingo mpaka ukingo, hazina doa. Fundi alizipanga dirishani akatokwa na machozi, ingawa daktari alimkataza kulia mpaka jicho lipone. Maishani mwake hakuwahi kufanya kazi safi kama ile.

Duka walilouzia hereni lilikuwa na milango ya vioo na kiyoyozi, na mwenye duka watu walimwita Madam. Fundi alisimama kando ya kaunta na mfuko wake huku Madam akimalizana na wateja, na wateja wakiondoka wanakuja wengine, na hakuna aliyemwambia akae. Alizoea. Zamani angesimama hapo akitazama ukungu wa rangi ukielea, na kusubiri kungepita kama usingizi. Leo aliona kila kitu, hata vidole vya miguu yake vilivyotoka kwenye viatu.

Hatimaye Madam akamwaga hereni juu ya kitambaa cheusi. Akazitazama. Akaenda nazo mlangoni kwenye mwanga, akarudi.

"Hizi katengeneza nani?"

"Mimi, Madam."

"Hapana. Zile zako nazijua."

"Ndizo zangu, Madam. Nimefanyiwa macho. Sasa naona ninachofanya."

Madam alifungua kabati la kioo akatoa hereni za zamani, jozi iliyobaki peke yake, akaziweka kando ya zile mpya. Kwenye kikadi kilichoshikizwa nazo kulikuwa na jina alilozipa Madam mwenyewe: Alfajiri.

Fundi aliinama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona vizuri kazi yake ya zamani. Ukingo ulikuwa umeungua. Shaba ilikuwa imekula kioo ikaacha mviringo wa kahawia, na ndani ya kahawia kijani cha kutu, na kijani kile kikiyeyuka kwenda kwenye buluu iliyojificha katikati kabisa, kidogo, kama maji chini ya kisima. Fundi yeyote angeitupa. Lakini ukiitazama sana ilikuvuta, na Fundi alijikuta ameshuka nayo mpaka kwenye ile buluu ya chini, hajui amesimama wapi.

"Niliuza hizi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Na watu wanagombania."

Mteja mmoja, dada mwenye mkoba mkubwa, akachungulia juu ya bega la Madam. "Hizi mpya mbona zimekaa kama vifungo vya sare ya shule?"

Wakacheka wote, na mhudumu wa dukani naye akacheka, na Fundi akacheka ili asiachwe peke yake. Aliona aibu mpaka masikioni.

Madam akazirudisha hereni mpya mfukoni, moja moja, mbele za watu. "Sikiliza, mama. Nina oda ya hoteli. Wanataka Alfajiri, na mwezi ujao wanataka tena, na mwezi unaofuata. Hiyo ni kazi ya kukulisha wewe na mzee wako mpaka mchoke. Ukiiweza, niletee. Kama hujui tena, niambie mapema nimtafute mwingine."

"Naijua," Fundi akasema.

Hakuijua. Alitoka mle dukani akiwa na hofu ambayo hakuwahi kuwa nayo hata siku alipolala chini ya taa ya upasuaji. Kodi ya vyumba vile viwili, gesi, unga wa kioo, vyote vilitoka kwa Madam, na wao hawakuwa na Madam mwingine.

"Ni kitu rahisi," Zimamoto alisema alipohadithiwa. "Ulikuwa unachelewa kusema toa. Basi chelewa."

Wakajaribu. Fundi akainama, unga ukalowa, ukavimba, ukang'aa.

"Toa! Aa, jamani. Limenitoka."

Wakajaribu tena. Safari hii aliuma kona ya kitambaa chake cha kichwa. Kioo kiling'aa, na akavumilia, na akavumilia, lakini kuona kitu kimeiva halafu ukiache kiungue ni sawa na kuona mtoto anaelekea shimoni ukanyamaza. Akatema kitambaa. "Toa, toa, toa!"

"Nitoe mara ngapi, ni moja tu?"

Akamwambia aamue mwenyewe. Zimamoto akaamua mwenyewe, na duara likatoka jeusi, limefura malengelenge kama ugali ulioshika chini ya sufuria. Wakaliangalia. Zimamoto akasema hilo waliite Saa Sita ya Usiku, wamuuzie Madam kwa bei ya juu. Fundi hakucheka.

Akakifungua kitambaa cha kichwani, akakikunja, akajifunga nacho jicho la kulia.

Chumba kikarudi kilivyokuwa. Kuta zikawa za krimu, makopo yakapoteza kingo zake, na mwale wa moto wa gesi ukawa ua kubwa la manjano linalopumua. Akainama karibu, karibu sana, kama alivyozoea. Hakuona unga ukilowa wala ukivimba. Aliona duara likielea ndani ya ua, nalo halikuwa hereni tena, lilikuwa ziwa, na yeye alikuwa akilizunguka ufukweni bila haraka, akingoja kitu alichokijua bila kuwa na jina lake. Pete ya mwanga ilianza kujifunga pembeni mwa ziwa. Ikakaribia. Ikagusana.

"Toa," akasema taratibu.

Walilingoja lipoe, vichwa karibu karibu. Kahawia ikaja, kijani kikaja, na mwisho kabisa, chini, buluu.

"Ndilo lenyewe," Zimamoto akanong'ona, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo hakujaribu kuificha.

Mwezi ule walifanya kazi kama enzi zao za zamani. Asubuhi Fundi alikata na kuosha kwa jicho jipya, akatembea sokoni, akawashangaa watu wanavyopendeza. Alasiri alijifunga kitambaa, akashuka kwenye ukungu wake wa zamani, akafanya Alfajiri. Alianza kuzipenda safari hizo. Kule ndani hakukuwa na nyufa wala viatu vilivyoisha. Oda ya hoteli ikaondoka, na Madam kwa mara ya kwanza akamletea kiti.

Ni Zimamoto aliyeharibu, kwa mdomo. Alipopeleka mzigo Madam akamuuliza siri ni nini, naye kwa kujivuna akaieleza yote: jicho bovu, kitambaa, na tarehe ya hospitali iliyokuwa inakaribia, ambayo Fundi alikuwa amepangiwa kufanyiwa jicho la pili. Haikupita siku nyingi Madam akafika nyumbani mwenyewe, na gari lake likaziba njia ya watu wote.

Alikuta binti yao amekuja. Binti huyu alikuwa msusi, anasimama saluni kutwa nzima, na gharama za macho ya mama yake zilitoka kwenye vidole vyake. Alikuwa mtu wa heshima, lakini heshima yake ilikuwa na meno.

"Nimekuja kwa wema," Madam akasema, akiwa ameketi ukingoni mwa kochi kama anayeogopa kulichafua, au kuchafuliwa. "Mama, hilo jicho la kushoto usiliguse. Liache hivyo hivyo. Nitaongeza malipo. Si tayari unalo moja zima?"

"Samahani, Madam," binti akasema. "Hilo jicho ni la mama yangu. Si la duka."

"Mwanangu, sijasema ni langu. Nasema linalipwa. La kwako linalipwa?"

Binti akamgeukia mama yake. "Mama, tarehe ile ikipita tunarudi mwisho wa foleni. Daktari kasema mtoto wa jicho akikomaa sana kumtoa ni kazi. Utabaki kipofu wa makusudi, kwa ajili ya masikio ya watu?"

"Sijasema siendi."

"Hujasema unakwenda."

Wote wakamtazama Zimamoto. Alikuwa amesimama mlangoni na shati lake la mikono mirefu, akikuna kidevu.

"Jicho ni lake," akasema.

Maneno yalikuwa ya haki, lakini mkewe aliyasikia yalivyotoka, na akajua kwamba mumewe naye anataka jicho libaki. Hakumlaumu. Yeye mwenyewe alitaka. Alipomsindikiza Madam mpaka garini alimwambia ampe muda afikirie, na Madam akamshika bega kama rafiki. Binti yao aliondoka bila kuaga.

Alasiri iliyofuata jua lilikuwa kali na karakana ilikuwa na joto. Fundi alijifunga kitambaa, Zimamoto akawasha moto, akaegemeza mkono wa kushoto mezani kuushikilia wavu usitikisike, kama kawaida yake. Duara lilipoanza kuwa jekundu, lilikuwa limekaa upande. Fundi akalisukuma kwa ncha ya koleo ili likae sawa, akainama, akashuka.

Siku hiyo ziwa lilikuwa zuri kupita siku zote. Lilikuwa limesogea kidogo, hakujua kwa nini, lakini aliuona mwako wake, na akalifuata pale lilipokwenda. Alizunguka ufukweni. Pete ya mwanga haikuwa imeanza.

"Bado," akasema.

Zimamoto hakujibu. Hakuwa na kawaida ya kujibu.

"Bado kidogo."

Kisha akasikia harufu, na haikuwa ya gesi wala ya siki.

"Kuna kitu kinaungua."

"Nyanyua kichwa," Zimamoto akasema, polepole sana, kama anayeongea na mtu aliyelala. "Nyanyua kichwa kwanza, mke wangu. Rudi nyuma."

Akanyanyua kichwa na kukivuta kitambaa. Duara la shaba halikuwa juu ya wavu. Alikuwa amelisukuma likaanguka, likatua kwenye mkono wa mumewe, na bado lilikuwa jekundu, likiuzamia mkono wa shati. Zimamoto alikuwa ameganda. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeugeuzia moto ukutani. Angeruka, angetikisa mkono tu kama mtu yeyote anavyofanya akiungua, ule mwale ungepita usoni kwa mkewe, aliyekuwa ameinama karibu kuliko anavyojua. Sasa alipomwona yuko mbali, akafunga gesi, ndipo akakung'uta mkono. Duara likaanguka sakafuni likilia kama jiwe.

Fundi alimmwagia maji ya kuoshea shaba yaliyokuwa karibu, akakumbuka yana siki, akapiga kelele, akakimbilia ndoo. Alipomrudia akaukamata mkono wa shati na kuupandisha mpaka juu ya kiwiko.

Hapo akasimama.

Kidonda kipya kilikuwa kimoja. Lakini mkono ulikuwa umejaa. Alama za duara, zingine nyeupe, zingine za waridi, zingine nyeusi za siku nyingi, zimepandana kuanzia kifundoni. Hakuhitaji kuuliza zimetokana na nini. Alizijua kwa ukubwa wake. Alizikata mwenyewe kwa mkasi. Hizi za hereni ndogo. Hizi za hereni za kuning'inia. Hii kubwa ya kidani, karibu na mshipa, ilikuwa ya oda ya hoteli.

"Za lini hizi?"

"Za siku nyingi."

"Za lini?"

"Koleo lako lilianza kukosea zamani, mama. Si kila siku. Mara moja moja."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ungeacha. Na mimi sikutaka uache. Nilikuwa nazipenda zile rangi. Kila ikipoa nasema, hii imelipa."

Fundi alimpiga kofi la bega, halafu akamshika bega lilelile, akalia kwa sauti, kwa macho yote mawili, daktari akitaka na asitake. "Mimi nasema bado, bado, kumbe nakuchoma! Nimekaa hapa naota, mtu wangu anaungua!"

"Hukuona."

"Ndiyo! Sikuona!"

Alimfunga kidonda kwa kitambaa kilekile cha jicho, kwa sababu kilikuwa safi na kilikuwa karibu. Jua lilikuwa limehama dirishani walipoanza kuongea tena.

"Nakwenda kwenye tarehe yangu," Fundi akasema.

"Na Madam?"

"Madam ana macho yake mawili. Aweke moja kazini."

"Tutakula nini?"

"Sijui."

Zimamoto alitaka kubishana. Alisema angeshona mkono wa ngozi, angevaa glavu za wachomeleaji, angefunga wavu kwa waya. Alisema mwezi mmoja tu, miwili, walipe kodi ya mbele ndipo aende. Alikuwa na hofu na hakuificha, na Fundi alikuwa na hofu kubwa kuliko yake. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na kuanzia leo vaa mikono mifupi," akamwambia. "Nataka niwe naona."

Kwa simu Madam alisema, "Unaipiga teke riziki, mama. Usije ukarudi hapa na vifungo vya shule." Kisha simu ikakatika.

Wodi ya macho ilikuwa na benchi refu kando ya ukuta, na watu wamekaa wakitazama mbele, kila mmoja kwenye ukungu wake. Muuguzi kijana alipita na kalamu ya wino mzito, akiweka alama juu ya nyusi za kila mgonjwa ili daktari asikosee.

"Jicho lipi, mama?"

Zimamoto, aliyekuwa ameketi mkabala naye na shati la mikono mifupi, alimkazia macho mkewe. Bado Fundi angeweza kusema amebadili mawazo, na mumewe asingemlaumu, na Madam angempokea kabla jua halijatua.

"La kushoto," akasema.

"Linakusumbua tangu lini?"

"Halijawahi kunisumbua. Limetulisha."

Muuguzi akacheka huku akiweka alama. "Unalizungumzia kama mtu anayestaafu."

"Anastaafu kweli, mwanangu. Na hana kiinua mgongo."

Watu wa kwenye benchi wakacheka, hata walioona vibaya. Muuguzi akamshika mkono kumwinua, lakini Fundi akamwomba asubiri kidogo. Akalifunika jicho la kulia kwa kiganja, akamtazama mumewe kwa lile la kushoto.

Alikuwa amekaa kwenye mwanga wa manjano, kijana, hana mvi hata moja. Ukuta nyuma yake ulikuwa wa krimu. Hakujua anatazamwa nini, akajiweka sawa kola kama anayepigwa picha, na mikono yake miwili ilikuwa wazi juu ya magoti. Ilikuwa laini. Kuanzia kifundoni mpaka kiwikoni haikuwa na alama yoyote. Fundi alitafuta sana, akapepesa, akatafuta tena, akaiona mikono mizuri ya mwanaume ambaye hakuna kilichowahi kumpata.

"Ndiyo maana," akasema.

"Ndiyo maana nini, mama?" muuguzi akauliza.

Akaondoa kiganja.

"Twende, mwanangu," akasema, akatangulia.